Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Siku tuliyomzika Papa, baba yangu, watu walirudi kutoka makaburini wakajazana katika ukumbi tuliokodi kwenye kitongoji cha Liverpool, wakala, wakaimba, wakala tena. Nilikuwa nimesimama karibu na meza ya chai, nimechoka kupewa pole, Vince alipoingia akitegemea fimbo. Vince alifanya kazi na Papa miaka mingi katika ghala moja la vigae huko Smithfield, na ndiye aliyemfundisha kuwinda katika nchi hii. Alikuwa amezeeka, koti la suti limembana tumboni. Alinikumbatia, akalia bila kujificha, kisha akaniuliza kwa sauti ambayo haikuwahi kujua kunong'ona: "Ile bunduki ndogo iko kwa nani siku hizi?" Nikamwambia iko kwangu, imefungiwa kwenye kabati la chuma, haina hata doa la kutu. Akatikisa kichwa kwa furaha. "Safi. Mama yako alichagua vizuri." Dada mmoja wa kwaya aliyekuwa akimimina chai aliacha kumimina. Alinitazama mimi, akamtazama Mama aliyekuwa amekaa upande wa pili ukumbini ndani ya kitenge cheusi, kisha akanitazama tena. Miaka yote hiyo hakuna mtu kanisani aliyejua kwamba mke wa marehemu aliwahi hata kusogelea bunduki, seuze kuichagua. Nikajua kabla ya Jumapili habari itakuwa imefika mpaka mji wa Wollongong. Kwa hiyo naandika mimi mwenyewe jinsi ilivyokuwa, kabla hawajaiandika wao kwa midomo yao.

Mwaka bunduki hiyo iliponunuliwa nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na tuliishi Campbelltown katika nyumba ya serikali iliyobanana na nyingine za aina yake, ngazi nyembamba katikati na chumba cha kufulia nyuma. Ndani ya chumba hicho kulikuwa na friza kubwa kuliko kitanda changu, na ndani ya friza kulikuwa na mbuzi. Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Huko mbali, ng'ambo ya milima, kuna mbuzi mwitu wanaowasumbua wenye mashamba, na Vince alikuwa na binamu mwenye shamba aliyefurahi kila mara mtu alipokuja kuwapunguza. Papa alipata leseni, akaenda, akarudi na nyama ya mbuzi halisi, yenye harufu yake, siyo ile ya dukani inayonuka plastiki. Tangu siku hiyo, nyumba yetu haikukosa wageni kila Jumamosi. Watu walipita "kusalimia tu" wakiwa na vyombo vitupu kwenye mifuko. Mama alipika mbuzi na sombe, yaani kisamvu, na bugali, alisifiwa, alifurahi, ila alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa: nyama iingie, bunduki isiingie. Bunduki ya Papa ililala kwa Vince, katika kabati lake la chuma, na Mama hakuwahi kuiona hata kwa picha.

Mimi nilitaka kwenda. Sijui kueleza vizuri kuliko hivyo. Shuleni nilikuwa mtoto wa kukaa pembeni, kanisani nilikuwa mtoto wa kubeba viti, lakini Papa aliporudi kutoka shambani, ana vumbi masikioni na anacheka peke yake jikoni huku akikatakata nyama, nilijua kuna mahali fulani duniani ambapo mtu anaweza kuwa hivyo, na nilitaka kufika. Nilimwomba, nikamwomba tena. Kisha Jumamosi moja mchana, nikiwa nakunja nguo juu ya ngazi, nikawasikia chini wakizungumza. Sauti ya Mama ilikuwa ya chini, ndiyo sauti yake ya hatari.

"Tulikimbia bunduki mpaka tukafika mwisho wa dunia," alisema. "Sasa unataka kununua ingine, unamupatia mutoto? Na ni mutoto mwanamuke?"

"Sungura hajue kama ni mwanamuke," Papa akasema.

"Usinichekeshe."

"Bon, sikucheki. Sikiya. Ile ya kule haikuomba mutu ruhusa. Hii ya huku, ata kuigusa tu, unaomba polisi, unasoma, unafanya mtihani. Miye nataka aijue. Woga yetu ya bunduki, tutamuachia yeye mpaka lini?"

Nilisimama na shuka mikononi. Nilisikia maji yakifunguliwa, sahani zikioshwa kwa nguvu kuliko zilivyohitaji, kisha Mama akasema: "Atashika na mukono ya kuume. Umesikia? Nimehangaika na ule mukono wake tangu anatambaa. Akishika na ya kushoto mara moja tu, imeisha. Hakuna bunduki." Papa akasema ndiyo haraka haraka, kabla Mama hajabadili nia.

Hapa lazima nieleze. Mimi nilizaliwa mashoto. Kwa Mama hilo halikuwa umbile, lilikuwa tabia ya kuachishwa, kama kunyonya kidole. Mtoto aliyelelewa akalelewa hampi mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto, hapokei kwa mkono wa kushoto, hamsalimii mchungaji kwa mkono wa kushoto, na mwenye kosa si mtoto, ni mama yake. Nilijifunza. Lakini shuleni Campbelltown mwalimu alisema kila mtu aandike kwa mkono anaoupenda, basi shuleni niliandika kwa kushoto na nyumbani, mbele ya Mama, kwa kulia, mpaka mwalimu akaita wazazi kuuliza ni nani ananifanyia kazi za nyumbani, maana madaftari yangu yalikuwa na miandiko ya watu wawili. Mama alieleza kwa fahari kwamba ule mbaya ndio wa mkono sahihi. Leo tunacheka. Wakati ule sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nusu yangu moja ni ya kuficha.

Duka la bunduki lilikuwa Smithfield, katika mtaa wa magereji, dirisha lake lina nondo na ndani mna harufu ya mafuta na zulia kuukuu. Muuzaji aliitwa Denise, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, na kitu kilichonishangaza ni kwamba alizungumza na mimi, siyo na Papa. Aliniuliza nataka kuwinda nini. Nikasema sungura, na siku moja mbuzi. Akasema tuanze na sungura. Papa tayari alikuwa ameona anayoitaka ukutani, ndefu, nzito, mbao zake nyeusi zinang'aa, na akasema kwa uhakika wote: "This one. Atakua." Ndivyo tulivyonunua kila kitu nyumbani kwetu. Sweta langu la shule mikono yake ilipita vidole, viatu vyangu vilijazwa magazeti, na vyote nilitarajiwa kuvifikia polepole. Denise alinipa ile bunduki ndefu niishike. Mtutu ulianza kuinama wenyewe kuelekea sakafuni. "Kiatu kikubwa kikikuvuka, unakiokota," alimwambia Papa. "Risasi ikienda kusikotakiwa, utaiokotea wapi?" Papa alikuna kidevu, akairudisha ukutani mwenyewe.

Kisha Denise akanikunja mkono, akapima kutoka kwenye kiwiko mpaka kidole cha kufyatulia, akasema ninahitaji kitako kifupi. Akaniambia ninyooshe mikono mbele, nifanye kidirisha kidogo kati ya vidole gumba, niangalie saa ya ukutani macho yote yakiwa wazi, kisha nivute kidirisha kile mpaka usoni bila kuipoteza saa. Kilikuja kwenye jicho la kushoto. Akaniambia nirudie. Kushoto. "Jicho lake linalotawala ni la kushoto," akasema. "Na mkono?"

"Right," Papa akasema.

"Left," nikasema mimi.

Tulisema kwa pamoja. Denise alitutazama, akaingia nyuma, akatoka na bunduki ndogo iliyokwisha tumika, kitako kifupi, na lile komeo la kupakia risasi liko upande wa kushoto badala ya kulia. Msichana mwingine alikuwa amekua, ikawa ndogo kwake, akairudisha. Niliiweka begani na dunia yote ikakaa sawa. Sikulazimika kuinamisha kichwa wala kutafuta chochote, ile saa ukutani ilikuwa imenisubiri pale pale juu ya mtutu. Nilitaka kulia. Papa aliniona. Najua aliniona kwa sababu aligeuka akajifanya anasoma bei za soksi. Kisha akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba ni nzuri sana, ila tunachukua ya kulia. "Her mother," akaeleza. Denise akauliza kama mama ndiye atakayelenga. Papa alicheka sana, na hakubadilisha kitu. Kibali cha polisi kilipotoka, tulirudi kuchukua bunduki ndogo ya mkono wa kulia, ikasajiliwa kwa jina la Papa kwa kuwa mtoto hawezi kumiliki, ikaenda kulala kwa Vince.

Majira yale yote ya baridi, kwenye shamba la binamu yake Vince, nilipiga hewa. Nilifaulu somo la usalama bila kosa hata moja, nikapata kibali changu cha kujifunza, nikajua kubeba, kufungua, kuonyesha kwamba haina risasi, kutomwelekezea mtu mtutu hata kwa mzaha. Ila kulenga, hapana. Bunduki ilikuwa bega la kulia na jicho langu lilikuwa upande mwingine wa uso, kwa hiyo nililaza kichwa juu ya kitako kama anayejaribu kulala kwenye treni, na risasi ikaenda inakojua yenyewe. Papa alinunua plasta akaniziba jicho la kushoto. Nikawa sioni chochote vizuri, na shavu langu likavimba. Alinifundisha kwa upole ambao mpaka leo unanichoma: "Tena, Mapendo. Taratibu. Tena." Vince alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, akinywa chai ya chupa, na kila mara alipofungua mdomo Papa alimwambia, "I know, Vince," naye akaufunga. Ninapofikiria sasa, namwona baba yangu kwa macho mengine. Alikuwa ametoa neno lake kwa mkewe, na neno hilo lilikuwa limemsimamisha kwenye baridi akimfundisha binti yake kukosa.

Jioni moja sungura alitoka kwenye ukingo wa majani, karibu sana, akakaa. Hata Papa aliamini ningempata. Nililenga kwa jicho la kulia, nikapumua nilivyofundishwa, nikafyatua, na nikampiga mguu wa nyuma. Sikujua sungura ana sauti. Alilia, akajikokota akizunguka mahali pamoja, na mikono yangu ikawa haiwezi kupakia nyingine. Papa alikimbia akammaliza yeye. Alirudi amemshika kwa masikio, uso wake umekunjamana, na Vince akaiweka chai yake chini. Nilifungua bunduki, nikatoa ganda la risasi, nikaiweka chini kwa utaratibu wote niliofundishwa. Nikamwambia Papa kwamba sitapiga tena kitu chenye roho kwa jicho lisiloona. Sitapiga na hii. Ama ile ya Denise, ama hakuna. Sikupiga kelele, na nadhani ndiyo maana alinisikia. Alinijibu ndani ya gari, tulipofika Mittagong tukiwa njiani kurudi nyumbani.

"Miye nilimupatia mama yako neno," akasema.

"Ndiyo, Papa. Mimi sikumpa."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko dereva anavyopaswa. "Basi umuambie weye," akasema, na nilisikia ndani ya sauti yake kitu kinachofanana na matumaini.

Mama alikuwa ametoka kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee, miguu yake imo kwenye beseni la maji ya moto jikoni. Sisi watoto tulikuwa na mazoea ya kumjibu kwa Kiingereza hata alipotuuliza kwa Kiswahili. Siku hiyo nilianza kwa Kiswahili na sikutoka ndani yake, nikijikwaa kila mahali, kwa sababu nilitaka kila neno limfikie. Nilimweleza kuhusu jicho, kuhusu plasta, kuhusu shavu ambalo nilikuwa nimemdanganya kuwa ni mpira wa netiboli. Alisema alichosema siku zote, kwamba watu watasema hakunilea. Nikamweleza kuhusu sungura. Hapo aliacha kusugua miguu.

"Alilia?"

"Ndiyo, Mama."

"Sana?"

"Sana. Alikuwa anazunguka."

Alitazama maji ya beseni. Mama hakuwahi kutusimulia vita, wala simlaumu, na jioni ile pia hakusimulia. Alisema tu: "Kule walikuwa wanapiga hivyo. Hawaangalie. Anapiga, anapita. Mutu anabaki pale nyuma anaita." Nilielewa kwamba kitu alichokikimbia hakikuwa chuma wala mlio. Alikimbia watu wasiojali risasi yao inakwenda wapi. Na sasa mkono aliouchagua yeye ulikuwa umemfanya binti yake mmoja wa hao. Sikumwambia hivyo. Hakuhitaji kuambiwa. Alitoa miguu majini, akaikausha vizuri, kidole kwa kidole. "Hiyo duka inafunguliwa Jumamosi?" akauliza.

Alikuja amevaa nguo za kanisani, kitambaa kichwani, mkoba umebanwa kwapani. Papa alitembea nyuma yetu kama mlinzi aliyesahau kinacholindwa. Mlangoni Mama alisimama, na niliona shingo yake ikikaza kwa bunduki zote zile ukutani. Nilimshika mkono, nikamwambia tunaweza kurudi. "Nani amesema kurudi?" akanijibu, akaingia. Alimsalimia Denise kwa mikono miwili. Kisha akamuuliza maswali, mimi nikitafsiri, na sijawahi kutafsiri kitu kwa makini vile, hata sasa ambapo natafsiria watu hospitalini na ndiyo kazi yangu. Inaweza kufyatuka yenyewe? Nani ana ufunguo? Mtoto akikasirika? Ikianguka? Denise alijibu moja moja bila kucheka, akafungua, akaonyesha, akafunga. Bunduki ya yule msichana ilikuwa bado ipo. Mama hakuigusa. Aliomba nishike kwanza ile yetu ya kulia, ambayo Papa alikuwa ameitoa kwa Vince, nilenge kalenda ya ukutani, naye akaja kusimama mbele yangu kwa pembeni, mahali anaponiona uso. Alitazama jinsi nilivyolaza kichwa, jinsi jicho lilivyobana. Kisha akasema nishike ile nyingine. Niliiweka bega la kushoto. Hakuitazama bunduki hata kidogo. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kitu alichokuwa ameshika kichwa chini miguu juu, na uso wake ukalegea, halafu ukawa na huzuni, halafu ukaamua.

"Hii," akasema. Na Papa alipopumua kwa sauti, alimgeukia: "Na mutu wa kanisa asisikie."

Denise aliichukua ile ya kulia kwa kubadilishana, na taratibu za polisi zikaanza upya. Sikupiga sungura kwa haraka. Nilipiga makopo mpaka Vince akaniomba nimwachie hata moja la kunywea. Nilijiwekea sharti kwamba sitamlenga mnyama mpaka niwe siwezi kumkosa, na Papa hakunisukuma. Majani yalipoanza kuwa mabichi tena, siku moja asubuhi na mapema, nilimpata mmoja kichwani, akalala pale pale alipokuwa, bila sauti. Papa aliniwekea kiganja juu ya kichwa, akakiacha hapo. Mimi ndiye niliyemchuna, Vince akielekeza, na nilimbeba mapajani njia nzima mpaka Campbelltown ndani ya kisanduku cha barafu kwa kuwa sikutaka akae kwenye buti.

Mama alimpika kwa mawese na nyanya na pilipili nzima, akasonga bugali, akafunga mlango wa mbele asiingie mtu wa kusalimia. Nyumbani kwetu nyama ya kwanza hutoka mkononi mwa Mama kwenda kwa aliyeileta, na siku zote alikuwa Papa. Siku hiyo Mama alichagua paja, akalitoa kwenye sufuria kwa vidole vyake visivyosikia moto, akalinyoosha juu ya meza kuelekea kwangu. Nilinyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko kwa heshima, kama alivyonifundisha. Hakuliachia. Nilidhani nimekosea kitu, nikainama zaidi. Wadogo zangu waliacha kumega bugali.

"Hapana huu," Mama akasema. "Leta ule ulifanya kazi."

Nilimtazama Papa, naye alikuwa anatazama sahani yake, macho yamejaa machozi. Kwa hiyo niliushusha wa kulia, nikaunyoosha wa kushoto, mtupu, mbele ya wote, ndani ya nyumba ya mama yangu, naye akaniwekea nyama kiganjani. Ilikuwa ya moto sana. Iliniunguza, na sikuiweka chini.